MASHINE YA KUCHOMELEA IMEKATAA KAZI: TUANZIE WAPI?



Ukipita Njukini, Challa na hata mjini Taveta, hukosi kuona mwanga wa buluu na kusikia mlio wa kuchomelea vyuma. Milango, madirisha, mageti, mikokoteni ya kubebea ndizi na keria za pikipiki, vyote vinaundwa hapa hapa kwetu. Kazi hii ya jua kali imewapa vijana wengi riziki. Wengi wao wanaifanya nyumbani, chini ya mti au kando ya nyumba, na mtaji wao wote ni mashine moja tu.

Sasa mashine hiyo moja ikikataa, shughuli zote zinasimama. Mteja ameshalipa nusu ya bei ya geti na kila asubuhi anakuja kuuliza. Mkopo wa kikundi haungoji. Mwenye mashine anaona afadhali achukue bisibisi aifungue mwenyewe, au aipakie kwenye matatu aipeleke Taveta, au hata Voi ambako ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Taveta. Njia ya kwanza inaweza kumuua. Ya pili inaweza kummalizia pesa bure, maana mara nyingi ugonjwa haumo ndani ya mashine kamwe.

Katika makala haya tunataka kueleza jambo moja: kabla ya kufungua mashine, fuata njia ya stima kutoka kwenye mita hadi kwenye kijiti, hatua kwa hatua. Kazi hii haihitaji diploma. Inahitaji macho, pua, mikono mikavu na subira.

MASHINE HUFANYA KAZI GANI?

Hapa kwetu tuna mashine za aina mbili. Ya kwanza ni transfoma, ile nzito. Nyingi za aina hii zimetengenezwa na mafundi wa jua kali kwa kusuka waya wa shaba au wa alumini kuzunguka mabati membamba ya chuma yaliyopangwa pamoja. Ya pili ni inveta, ile nyepesi ya dukani yenye feni nyuma.

Zote mbili kazi yao ni moja. Zinachukua stima ya nyumbani, ambayo hapa Kenya ni volti 240, na kuishusha hadi volti 50 au 80 hivi kabla ya cheche kuwaka. Kwa kushusha volti, zinapata ampea nyingi za kuyeyusha chuma.

Wakulima wetu wataelewa upesi tukitaja mfereji wa kumwagilia. Volti ni kama mteremko unaosukuma maji, na ampea ni kama wingi wa maji yanayopita. Mfereji ukizibwa mahali pamoja tu, shamba la chini linakauka hata kama chemchemi imejaa. Mkulima mwenye akili hakimbilii kuilaumu chemchemi. Anatembea kando ya mfereji mpaka aone palipoziba. Na sisi tufanye vivyo hivyo.

Tuchukue hesabu ndogo. Mashine ya transfoma inayotoa volti 60 imegawa 240 mara nne. Kwa hiyo ikitoa ampea 100 kwenye kijiti, inavuta kama ampea 25 kutoka kwenye mita. Plagi ya kawaida ya pini tatu tunayotumia nyumbani imetengenezwa kwa ampea 13. Hesabu hii peke yake inaeleza taabu nyingi tunazoziona: plagi zilizoungua, soketi zilizogeuka rangi ya kahawia, na fyuzi zinazokatika kila siku.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Zima swichi, kisha ng'oa plagi. Kuzima peke yake hakutoshi, kwa sababu kuna soketi zilizounganishwa vibaya ambazo swichi yake inakata waya usiofaa. Plagi ikae pale unapoiona, ili mtoto au jirani mwenye haraka asiichomeke huku mikono yako iko kazini.

Simama pakavu, uvae viatu vikavu. Ikiwa mvua imenyesha au umetoka kumwagilia na miguu imelowa, kazi hii ingoje.

Na kwa wenye inveta tunasisitiza: usifungue kifuniko. Ndani yake kuna kapasita zinazoweka akiba ya umeme wa zaidi ya volti 300, na akiba hiyo hubaki kwa muda hata baada ya plagi kung'olewa. Mtu anadhani mashine imekufa, kumbe yeye ndiye atakayekufa.

TUFUATE NJIA YA STIMA

Hatua ya kwanza: mita na swichi kuu. Tokeni zimeisha? Sakiti breka imeanguka? Taa za nyumba zinawaka? Usicheke. Wako watu waliobeba mashine begani hadi kwa fundi kumbe ni tokeni zilizoisha. Breka ikiwa imeanguka, irudishe mara moja tu. Ikianguka tena, usishindane nayo. Inakuambia kuna shida.

Hatua ya pili: plagi na soketi. Ng'oa plagi uitazame. Pini zimekuwa nyeusi? Plastiki imeyeyuka? Kuna harufu ya kuungua? Fungua plagi uangalie kama nyaya tatu zimebanwa sawasawa na kama fyuzi iko nzima. Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya kipimo hicho hicho. Wanaoweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi wamemfukuza askari mlangoni, kisha wakalala mlango wazi. Dawa ya kweli ni kuwekewa laini ya peke yake kutoka kwenye swichi kuu, yenye breka na soketi inayobeba ampea za mashine yako. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA.

Hatua ya tatu: ekstensheni. Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Karakana iko chini ya mti, nyumba iko mbali, basi tunanunua waya wa bei nafuu, mwembamba, mita 50. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, kwa urefu huo, ukipitisha ampea 25 hupoteza volti 30 njiani. Stima iliyotoka nyumbani ikiwa 240 inafika kwa mashine ikiwa 210. Ikiwa jioni watu wengi wanatumia stima na tayari imeshuka hadi 200, mashine inapata 170 tu. Ile transfoma ya volti 60 sasa inatoa 42 hivi. Kijiti kitaganda, kitatoa cheche mbili tatu, basi. Mwenyewe atasema mashine imezeeka.

Waya wa milimita 6 za mraba, kwa urefu ule ule na mzigo ule ule, hupoteza volti 8 hivi tu. Ni ghali, lakini unanunuliwa mara moja. Kama huuwezi, sogeza mashine karibu na nyumba na urefushe nyaya nene za kuchomelea badala ya ekstensheni, au fanyia kazi karibu na soketi. Na ekstensheni yoyote uitandaze yote chini. Ikiachwa imeviringishwa inajipasha moto yenyewe hadi ganda liyeyuke.

Hatua ya nne: nyaya mbili za kuchomelea. Mmoja unakwenda kwenye holda, yaani mshikio wa kijiti. Wa pili unakwenda kwenye klempu inayobana chuma. Watu wengi huiangalia holda na kuisahau klempu, hali umeme lazima uende na urudi. Klempu ikibanwa juu ya rangi, kutu au matope, mfereji umezibwa. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kisha ubane. Halafu pitisha vidole polepole kwenye nyaya zote mbili, plagi ikiwa imeng'olewa. Sehemu iliyolegea kama utumbo, hasa karibu na holda, ni dalili kwamba nyuzi za shaba zimekatika ndani ingawa ganda la nje ni zima. Kaza kwa spana kila boliti inayoshika waya. Mahali palipolegea hupata moto kuliko pengine pote.

Hatua ya tano: kijiti chenyewe. Vijiti hunyonya unyevu, hasa msimu wa mvua au vikiwekwa juu ya sakafu ya udongo. Kijiti chenye unyevu hulia na kurusha cheche, huganda, na kazi yake inatoboka toboka. Vile vya kawaida vyenye alama E6013 vinaweza kukaushwa kwa joto la nyuzi 100 hivi kwa muda wa saa moja. Hata bati safi juu ya jiko la makaa yaliyopoa kiasi linasaidia. Kisha vihifadhi ndani ya mkebe wenye kifuniko. Angalia pia kipimo: cha gage 12, yaani milimita 2.5, kinataka kama ampea 60 hadi 90. Cha gage 10 kinataka kama 90 hadi 130. Ukimlisha mtoto chakula cha mtu mzima atatapika, na mtu mzima ukimpa cha mtoto atalala njaa.

YALIYOPATA KIKUNDI KIMOJA

Katika safari zetu za kutembelea vikundi tulikuta vijana waliokuwa wamekaa wiki tatu bila kazi. Mashine yao ilikuwa ikinguruma vizuri lakini haitoi cheche. Waliipeleka mjini, wakaambiwa koili imeungua na lazima isukwe upya. Bei waliyotajiwa ilikuwa karibu nusu ya bei ya mashine. Walianza kuchanga, na wawili wakauza mbuzi.

Kabla pesa hazijatimia, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya umeme aliwauliza swali moja tu: "Je, mmeijaribu na nyaya nyingine?" Wakaazima nyaya za jirani. Cheche ikawaka mara moja. Waya wa klempu ulikuwa umekatika ndani ya ganda, shubiri moja tu kutoka kwenye klempu. Walikata kipande hicho, wakafunga upya, na jioni ile ile wakachomelea geti la mteja.

Hatusemi fundi yule alikuwa mwizi. Huenda hakuletewa nyaya, aliletewa mashine peke yake. Ndiyo maana tunawaambia: mkienda kwa fundi, bebeni mashine pamoja na nyaya zake, plagi yake na hata kijiti. Mgonjwa hapelekwi hospitali nusu.

DALILI NA MAANA YAKE

Mashine iko kimya kabisa, hakuna mngurumo wala feni. Stima haijafika. Rudi hatua ya kwanza na ya pili, kisha angalia swichi ya mashine.

Inanguruma lakini hakuna cheche. Njia ya kwenda na kurudi imekatika. Angalia klempu, nyaya na boliti. Jaribu na nyaya za kuazima.

Cheche ni dhaifu na kijiti kinaganda. Volti ni chache, au kijiti kina unyevu, au ampea zimewekwa chini. Jaribu mashine ikiwa imechomekwa karibu na mita, bila ekstensheni. Ikipona, mgonjwa ni ekstensheni. Ikiwa bado, mwombe fundi wa umeme apime volti mara mbili: mashine ikiwa imepumzika, na tena wakati mwenzake anachomelea. Zikishuka sana hata pale kwenye mita, ripoti kwa Kenya Power. Siku hizi usitegemee balbu kukuonyesha. Balbu za zamani zilififia stima ikipungua, lakini nyingi za LED huendelea kuwaka vilevile.

Inafanya kazi kidogo halafu inazima yenyewe, na taa ya manjano inawaka. Mashine imechoka kwa joto. Si ugonjwa. Tazama kibao chake: kikisema asilimia 60 kwa ampea fulani, maana yake katika kila dakika 10 uchomelee 6 na upumzike 4. Mashine nyingi ndogo ni za asilimia 20 au 30 tu zikiwekwa ampea za juu kabisa. Iache ikiwa imewashwa ili feni iipoze. Zile za jua kali mara nyingi hazina taa wala kibao, kwa hiyo weka mkono karibu na unuse. Harufu ya vanishi inayoungua ni onyo la mwisho.

Inapiga kelele kama bati linalotetemeka. Boliti zinazobana mabati ya ndani zimelegea. Zikazwe na fundi kabla mtetemo haujakwangua ganda la koili.

Breka inaanguka mara tu unapowasha. Ondoa klempu na holda zisigusane na chochote, uwashe tena mara moja. Ikianguka hivyo hivyo, kuna shoti ndani ya mashine au kwenye waya wake wa stima. Acha hapo.

Inatumia jenereta na inazima jenereta. Rudia hesabu yetu: volti 240 mara ampea 25 ni 6,000. Jenereta ndogo ya kuwashia taa na televisheni haiwezi mzigo huo.

Mwili wa mashine unakupiga shoti, hata kidogo tu. Hii si dalili ya kuvumilia. Ng'oa plagi, usiiguse tena, na usimwachie mwingine. Stima imevuja hadi kwenye bati la nje, na waya wa athi, ule unaoipeleka ardhini, haupo au umekatika. Wako wanaoukata kwa makusudi ili plagi ya pini mbili iingie, au kwa sababu breka inasumbua. Waya huo ndio unaokuwekea roho.

Mtu akinaswa na stima, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Kama huwezi, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu. Asipopumua, anayejua huduma ya kwanza aanze kumbonyeza kifua, na mwingine atafute gari la hospitali. Hata akiinuka na kusema yuko sawa, apelekwe akapimwe, maana stima inaweza kuudhuru moyo bila kuacha alama ya nje.

PALE TUNAPOISHIA SISI, FUNDI AANZE

Shoti ya ndani, koili iliyoungua, dayodi au bodi ya inveta iliyokufa, hizo ni kazi za fundi. Hata hivyo mwenye mashine ana haki ya kuuliza. Muulize fundi: Umepima nini? Umeona nini? Nionyeshe sehemu iliyoungua. Koili iliyoungua kweli huonekana nyeusi na hunuka. Kwa mashine zilizosukwa kwa alumini, mwombe aangalie kwanza pale alumini inapoungana na shaba. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu huliwa na kutu nyeupe, na kiungo kikishaoza mashine yote huonekana imekufa.

Mkisuka upya, jihadharini na shaba au mafuta ya transfoma ya bei ya kushangaza. Huenda yametoka kwenye transfoma ya kijiji cha wenzetu iliyovunjwa usiku. Sheria ya Kawi ya 2019 inaadhibu vikali uharibifu huo, na mafuta ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na sumu ya PCB. Tena, faida gani kutengeneza mashine yako kwa kuzima stima ya zahanati na shule ya jirani?

Kwa upande wa utunzaji, maneno ni machache. Vumbi letu ni jingi, na mijusi na siafu hupenda ndani ya mashine palipo na joto. Ifunike usiku, iinue juu ya mbao, na kila mwezi ipulizwe kwa upepo mkavu kupitia matundu yake, plagi ikiwa imeng'olewa. Kikundi kiwe na daftari: siku ilipoharibika, dalili, kilichofanywa, pesa zilizotumika. Na kama mwanakikundi mmoja anaweza kusomea umeme katika chuo cha ufundi, kama vile Coast Institute of Technology kule Voi, mchangieni karo. Huo ni mtaji kuliko mashine ya pili.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Waya wa klempu uliokatika ni ufa. Koili mpya ni ukuta. Na maisha ya kijana mmoja hayana bei ya kulinganisha na geti lolote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mashine yetu inavuta ampea ngapi kutoka kwenye mita? Je, plagi na waya wetu vinaweza kubeba ampea hizo?
2. Mara ya mwisho mashine ilipokataa, tulianzia wapi? Tulitumia pesa ngapi, na ugonjwa ulikuwa wapi?
3. Ni nani kati yetu anayejua kuzima swichi kuu upesi na kumsaidia aliyenaswa na stima?
4. Waya wa athi katika karakana yetu uko mzima? Nani atauangalia, na lini?

Someni makala haya kwa sauti mkiwa mmekaa karibu na mashine yenyewe, plagi ikiwa imeng'olewa, na kila hatua mguse sehemu inayotajwa. Atakayekuja kujiunga na kikundi baadaye naye aonyeshwe hivyo hivyo kabla hajashika holda.